Njia ya Cowles Bog, Indiana Dunes, kwenye joto la Julai

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asipotezewe muda. Njia ya Cowles Bog ndiyo matembezi bora ya siku moja niliyowahi kufanya kando ya Ziwa Michigan, na ndiyo hiyo hiyo itakayokulaza chini kwa joto ukiiendea saa sita mchana. Nimeipenda kiasi kwamba naona ni wajibu kueleza namna ya kuitembea, maana wengi wanaoisema vibaya walifika wakati jua limeshakaa utosini, wameshika chupa moja ya maji na wamevaa kandambili.

Iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Indiana Dunes, kona ya kaskazini-magharibi ya jimbo la Indiana, na kutoka Chicago ni kama saa moja kwa gari barabara zikiwa wazi. Ni mzunguko wa maili 4.7, yaani kilomita saba na nusu hivi. Kilomita saba na nusu kwenye lami ni jambo dogo. Hapa sehemu ya mwendo huo ni mchanga mkavu unaoteleza chini ya kisigino, kwa hiyo wahenga wetu wa haraka haraka haina baraka wangekuwa na la kusema. Tengeni saa nne, na kama mna mtoto, msizipunguze.

Tulikwenda watatu: mimi, Mama Neema na Neema mwenyewe ambaye ana miaka kumi. Utabiri ulisema nyuzi 34, na hewa ya kule kiangazi ina unyevu mwingi, hivyo nyuzi 34 hizo huzihisi zaidi ya idadi yake. Hifadhi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Saa moja tulikuwa tumeshafunga kamba za viatu. Maegesho yako Mineral Springs Road, karibu na geti la mji mdogo wa Dune Acres, na ni madogo. Wikendi ya kiangazi hujaa mapema mno, na kuegesha pembeni mwa barabara ile si jambo la kujaribu. Kiingilio ni dola 25 kwa gari na kinatumika siku saba. Anayeingia kwa miguu au baiskeli hulipa dola 15. Malipo haya yalianza mwaka 2022, kwa hiyo mtu akikwambia ni bure, alikwenda zamani.

Mwanzo wa njia ni kinamasi, ambacho kwa Kiingereza ni bog, na hapo ndipo jina la njia lilipotoka. Maji hapa hayategemei mvua peke yake, yanapanda kutoka chini ya ardhi yakiwa na madini, ndiyo maana hata Julai, wakati nyasi za pembeni mwa barabara kuu zimeshageuka rangi ya biskuti, hapa kila kitu ni kibichi. Kangaga zinafika kiunoni. Hewa ni ya baridi kidogo, nzito, ina harufu ya majani yaliyooza taratibu. Mbu wapo, na hawana aibu. Mtu anayepita haraka kwa sababu ya mbu anakosa sehemu yenye historia kubwa kuliko zote katika hifadhi nzima, kwa hiyo jipakeni dawa mkiwa bado garini, msingoje mpaka muanze kujipiga makofi.

Cowles alikuwa mwanabotania wa Chuo Kikuu cha Chicago, Henry Chandler Cowles. Mwaka 1899 alichapisha utafiti wake kuhusu mimea ya matuta ya mchanga ya Ziwa Michigan, na kazi hiyo ikawa mojawapo ya nguzo za ikolojia, sayansi ya jinsi viumbe na mazingira yao vinavyohusiana. Aliona jambo ambalo mtu yeyote mwenye miguu na subira anaweza kuliona kwa macho yake kwenye njia hii. Ziwa lilipokuwa likirudi nyuma kwa maelfu ya miaka, liliacha safu za mchanga. Zilizo karibu na maji ndizo changa, zilizo mbali ndizo kongwe. Basi ukitembea kutoka ndani kwenda ufukweni unapita kwenye ardhi inayozidi kuwa changa, na mimea inakueleza umri wa kila hatua. Mwaka 1913 wanasayansi wa mimea kutoka Ulaya walipokuja Marekani, matuta haya yalikuwa miongoni mwa sehemu walizotaka kuziona.

Nilikuwa nimeyasoma hayo kabla, nikayaelewa kama mtu anavyoelewa kitu cha kitabuni. Joto ndilo lililonifanya niyaelewe kwa ngozi. Kivuli cha njia hii kinafuata umri wa ardhi hatua kwa hatua. Ardhi kongwe ina kivuli kizito, ardhi ya umri wa kati ina kivuli chenye matobo, na ardhi changa haina kivuli kabisa. Siku ya baridi hutalihisi hilo. Siku ya nyuzi 34 mwili unakwambia umefika enzi gani kabla jicho halijaona. Hiyo ndiyo sababu nasema njia hii ni ya kiangazi hasa, ingawa wengi huipendekeza wakati majani yanapogeuka rangi.

Baada ya kinamasi unaingia kwenye mialoni. Ni mialoni myeusi, mirefu kiasi, imeachana nafasi, na katikati yake kuna nyasi na vichaka vifupi, kwa hiyo mwanga unafika chini ukiwa vipande vipande. Mashina mengine yana weusi wa moto chini. Hifadhi huchoma misitu ya aina hii kwa makusudi na kwa mpango, kwa sababu bila moto vichaka hufunga nafasi na mialoni michanga hukosa jua. Hapa kijia ni kigumu, unatembea bila kufikiri, na tulimsikia kigong'ota kabla ya kumwona. Alikuwa na kichwa chekundu kizima mpaka shingoni, akizunguka tawi lililokauka. Nyenje walianza kelele zao mnamo saa mbili, na kuanzia hapo hazikukoma.

Neema ndiye aliyepiga magoti kwanza. Pembeni mwa kijia, mahali ambapo mti umeanguka na kung'oa mizizi yake, udongo umekatika kama keki na unaweza kuuona ubavuni. Juu kuna tabaka jeusi la majani yaliyosagika, lenye mizizi myembamba, halizidi upana wa kiganja. Chini yake ni mchanga mtupu, wa njano, ule ule wa ufukweni. Msitu wote ule, mialoni, kangaga, kigong'ota na kila kitu, umesimama juu ya tabaka la kiganja kimoja. Nilimwonyesha tukiwa tumechuchumaa, akapima kwa mkono wake, akapata viganja viwili kwa sababu mkono wake ni mdogo. Tulikaa pale muda mrefu kuliko kituo kingine chochote. Kama mna watoto, litafuteni shina lililoanguka, lipo zaidi ya moja, ila msiuparue ubavu wa udongo kwa vidole. Na msitoke nje ya kijia. Tabaka la namna ile likishakanyagwa na kufunguka, upepo unaingia na kuuchukua mchanga, na kilichojengwa kwa miaka mingi sana kinaondoka kwa misimu michache.

Jambo jingine la hapa msituni, na hili nalisema kwa msisitizo: kuna mmea ambao Wamarekani wanauita poison ivy, wenye majani matatu matatu, la katikati likiwa na kikonyo kirefu kuliko mawili ya pembeni. Uko kila mahali, unatambaa chini, unapanda mitini, na mara nyingine unasimama kama kichaka. Aliyewahi kukutana na upupu atafikiri ni jamaa zao, ila huu ni wa polepole. Mafuta yake yakikugusa huhisi kitu, halafu kesho au keshokutwa ngozi inafura na kutoa malengelenge. Sabuni na maji mengi mapema ndiyo kinga, na nguo zilizogusa zifuliwe pia. Suruali ndefu nyepesi inashinda kaptura hapa, hata kwenye joto. Suruali hiyo hiyo itawazuia kupe, ambao nao wapo, ukiingiza miguu yake ndani ya soksi. Haipendezi kwenye picha. Vaeni hivyo hivyo.

Kisha mchanga unaanza. Hauji ghafla. Kwanza kijia kinalainika, halafu miti inapungua kimo, halafu unapanda mwinuko ambao kila hatua tatu unarudishwa moja, na hapo kivuli kinakuacha. Mama Neema alisimama katikati, mikono kiunoni. "Baba Neema, hebu tusimame. Ziwa halikimbii." Tukasimama, tukanywa maji, na nikapata nafasi ya kutazama kitu ambacho ningekipita.

Juu ya tuta kuna mti wa jamii ya poplari, ule Wamarekani wanaouita cottonwood, ambao kwa macho ulionekana kama kichaka cha kimo cha mtu. Ukweli ni kwamba unaoona ni matawi ya juu tu, shina limezikwa. Mchanga unapoufunika, mti huu hutoa mizizi mipya kwenye shina lililofunikwa na kuendelea kupanda. Nyasi za matuta zinazouzunguka, zile zenye majani marefu membamba, hufanya kazi kama hiyo kwa chini. Mashina yake ya ardhini hukimbia kwenye mchanga na kuushika, na kadiri mchanga unavyozifunika ndivyo zinavyostawi. Kwenye joto lile majani yake yalikuwa yamejikunja kwa urefu, kila jani limekuwa mrija. Hivyo hupunguza kupoteza maji. Nililishika moja kwa vidole viwili bila kulikata, likawa gumu kama waya. Na mbele ya mchanga unaochoma, katika jua lile ambalo mimi nilikuwa nimeshaanza kulihesabia dakika, nyasi zile zilikuwa nzima kabisa. Hizi ndizo zinazoanza kazi yote. Bila hizi hakuna msitu nyuma.

Vueni viatu? Hapana. Mchanga mkavu ukipigwa na jua la mchana huweza kupita nyuzi 50 juu yake, na hilo linatosha kuunguza nyayo za mtoto. Ajabu ni kwamba joto hilo haliendi chini. Chimba kwa ncha ya kiatu kina cha vidole vichache, unakuta mchanga wenye ubaridi, na mara nyingi wenye unyevu. Neema aligundua hilo mwenyewe na kila tuliposimama akawa anachimba shimo dogo la kutia mikono.

Kutoka juu ya tuta unaliona ziwa kwa mpigo mmoja, na upande wake wa pili hauonekani. Siku ikiwa safi, majengo marefu ya Chicago yanasimama kwenye upeo, madogo, ya kijivu. Tulishuka mbio, jambo ambalo silipendekezi kwa wenye magoti ya umri wangu lakini nalikumbuka kwa furaha.

Ufukwe huu hauna mlinzi wa waogeleaji. Hilo lieleweke kabla ya mengine yote. Tulifika yapata saa tatu na nusu na watu walikuwa wachache sana, kwa sababu mtu hafiki hapa kwa gari, lazima atembee. Mchanga mkavu karibu na maji hulia unapoukanyaga kwa kuburuta mguu, sauti kama ya kiatu kipya kwenye sakafu iliyopigwa deki. Ni chembe safi za kwatzi zikisuguana. Maji hayana chumvi, unatoka bila kunata, ukakauka kabla hujamaliza kutafuta taulo.

Sasa niseme la upepo, kwa sababu ndilo jambo muhimu kuliko utabiri wa joto, na sijaona watu wakiambizana. Ufukwe huu unatazama kaskazini. Upepo ukitoka kaskazini, unavuka maji yote ya ziwa kabla ya kukufikia, kwa hiyo ufukwe unakuwa na ubaridi mzuri, ila mawimbi yanakuwa makubwa na mikondo ya kuvuta mtu kwenda kilindini hujitokeza. Siku hiyo miguu tu ndiyo iingie majini. Upepo ukitoka kusini, maji yanatulia kama ya kwenye beseni, lakini joto la bara lote linakuja juu yako, na pamoja nalo wanakuja nzi. Wanafanana na nzi wa nyumbani, ila wanauma, na wanapenda vifundo vya miguu. Dawa za mbu haziwasumbui sana. Kuna kitu kingine kuhusu upepo wa kusini: ukivuma kwa muda husukuma maji ya juu yaliyopata joto kwenda mbali, na ya chini yenye baridi kali yanapanda mahali pake, hata katikati ya Julai. Sisi tulipata upepo mwepesi wa kaskazini-mashariki, mawimbi ya magotini, tukaoga karibu na ukingo tukiwa tumemweka Neema katikati. Siku yenye upepo wa kusini wenye nguvu ningeahirisha.

Ukiwa majini tazama magharibi. Kuna viwanda vya chuma na bandari, vikubwa, vya wazi, hakuna kilichovificha. Wapo wanaosema vinaharibu mandhari na kwa sababu hiyo wanaishusha njia hii. Mimi siwaungi mkono. Sehemu ile nayo ilikuwa matuta. Miaka ya 1960 yalisawazishwa, na sehemu ya mchanga wake ikauzwa kujaza ziwa mbele ya Chuo Kikuu cha Northwestern kule Evanston. Watu walikuwa wamepigania matuta haya muda mrefu kabla ya hapo. Mwaka 1916 Stephen Mather, aliyekuja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa idara ya hifadhi za taifa za Marekani, aliitisha kikao Chicago kusikiliza hoja za kuyafanya hifadhi. Marekani ikaingia kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, jambo likalala. Mwaka 1952 Dorothy Buell alianzisha baraza la Save the Dunes, yaani Okoa Matuta, na baadaye Seneta Paul Douglas wa Illinois akalibeba suala hili Washington. Kufikia mwaka 1966 Bunge la Marekani lilikuwa limekubali vyote viwili, bandari na eneo la hifadhi, na mwaka 2019 eneo hilo likapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa kamili. Kwa hiyo unachokiona pale magharibi ni bei iliyolipwa. Kinamasi tulichopita asubuhi kilikuwa umbali mfupi tu kutoka kwenye tingatinga zile. Mimi nataka mwanangu avione vyote viwili akiwa amesimama mahali pamoja, na sioni sehemu nyingine ambako ningeweza kumwonyesha.

Tuliondoka ufukweni saa nne na nusu, na hapo ndipo ninapotaka msomaji anisikilize. Sehemu ngumu ya njia hii ni kutoka ufukweni. Unapanda tuta ukiwa umechoka kwa maji na jua, mgongo umelowa, mchanga sasa umechemka, na upepo wa ziwa unakatika nyuma ya kilele. Asubuhi tuta tulilipanda tukizungumza. Kurudi hakuna aliyesema neno mpaka mialonini. Kila mtu mzima awe amebaki na walau lita moja anapoanza kupanda. Kwa jumla sisi tulibeba zaidi ya lita mbili kila mmoja na hazikurudi nyumbani. Maji ya kunywa hayapo njiani. Lowesha kofia na kitambaa ziwani kabla ya kuondoka, uvae vikiwa vinadondoka. Mtu akianza kusema maneno yasiyopangika, au jasho likakauka ilhali ngozi inawaka, huyo anahitaji kivuli, kumwagiwa maji mwilini na msaada wa dharura, na safari imeishia hapo.

Mialoni tulipoifikia, niliona jinsi uso wa Mama Neema ulivyofunguka. Hewa ilikuwa ile ile, lakini kivuli chenye matobo kilitosha. Saa sita kasoro tulikuwa garini, tukawa tunakaguana kupe. Neema alikuwa na mmoja nyuma ya goti, bado anatembea, hajashika. Bebeni kibano chenye ncha nyembamba kwa atakayekuwa ameshika, mkamvute moja kwa moja bila kumsokota.

Nyota tano kwa njia yenyewe. Kwa familia yenye mtoto mchanga, mtu wa presha au mjamzito, siku ya joto namna ile nisingeipendekeza hata mkianza alfajiri. Nendeni West Beach, ndani ya hifadhi hiyo hiyo, kwa tiketi hiyo hiyo. Kuna ngazi za mbao zinazopanda matuta, na mpangilio wa mimea ni ule ule kwa mwendo mfupi zaidi. Na mkiona kibao cha Indiana Dunes State Park, jueni hiyo ni hifadhi ya jimbo, imezungukwa na ya taifa lakini ina geti lake na malipo yake, na pasi ya hifadhi za taifa haifanyi kazi pale.